Wiski ya Festo Mezani Iyula

Rafiki yangu Festo,

Jumamosi tulikula kwako Iyula, mimi na Mwalimu Daudi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tukuzike. Miezi minane, Festo. Naona aibu kuandika, lakini wewe hukupenda kufichwa.

Mkeo, shemeji Neema, ndiye aliyetupigia simu. Alipika kuku wa kienyeji, ugali na majani ya maboga ya karanga, vilevile kama zamani. Tulipomaliza akaleta chupa uliyoiacha, ile wiski ya Uskoti, single malt, na glasi mbili. Yeye ni mlokole, unajua hajawahi kuionja. Akasema tunywe sisi, isije ikaangukia kwa watu wasioijua.

Nikakumbuka siku ya kwanza uliponipa. Nilikuwa nimetoka mpakani Tunduma, nimechoka na malori na makaratasi ya forodha, nikataka kuichanganya na soda. Ukanishika mkono. "Eliya, kwanza inuse." Ukatia matone machache ya maji, ukainusa kwa pua ile iliyokulisha miaka yote kwenye kuonja kahawa kiwandani, ukanitajia moshi, asali, ganda la chungwa. Mimi nilisikia pombe tu. Ilinichukua mwaka mzima kuusikia ule moshi.

Halafu ugonjwa ukaanza na pua yako. Mara ya mwisho tulipokaa sote, ulinusa glasi, ukanusa tena, ukaiweka chini.

"Niambieni ninyi inanukiaje."

Daudi akatazama sahani. Mimi nikasema nzuri tu. Nzuri tu, Festo. Nawe ndiye uliyenifundisha majina yote yale. Niliogopa ningelia mbele yako.

Basi Jumamosi tulinusa muda mrefu. Nikaanza mimi: jiko la kuni mbichi, siku ya mvua. Daudi akabisha, eti ni ngozi ya kiatu kipya. Tukabishana mpaka tukacheka, tukamsikia shemeji jikoni naye akicheka. Tulipotulia, ndipo nikatambua jinsi nyumba yako ilivyo kimya siku hizi.

Alipotusindikiza getini nikaanza kujieleza kwa nini tulipotea miezi yote hiyo: kazi, foleni ya malori, barabara. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema taratibu, "Nilidhani mlikuwa mnampenda yeye tu."

Tukamuaga, tukaondoka.

Jana nimempigia shemeji. Nimemwomba radhi, nikamwambia mwisho wa mwezi nitakuja na mke wangu, na nyama nitaleta mimi. Akauliza kama mke wangu anakula pilipili.

Pumzika, ndugu yangu. Nakuahidi tutaendelea kwenda kwako, hata chupa ikiisha.

Wako,
Eliya
Chapwa, Tunduma