Kamera Juu ya Kabati

Jumatatu, 11 Agosti
Asha kaja baada ya adhuhuri, kama kawaida. Kapika mchicha, kafua, kisha kaniketisha mkekani kunichana nywele. Bila mdogo wangu huyu, eda ya mume wangu ingenishinda. Leo nimemwambia jambo ambalo hata mwanangu Bakari halijui: nikitoka eda narudi kwetu Kikole, nikalime ufuta. Nyumba hii ya Mtanda siiwezi peke yangu. Asha kaapa kutomwambia mtu.

Kamera aliyoiweka Bakari juu ya kabati inageuza shingo kama kuku. Yeye yuko Dar, anasema ni kwa usalama wangu. Nimeshaizoea.

Jumatano, 13 Agosti
Shemeji Issa kasimama nje ya dirisha, kakohoa, kanisalimu. Ni mdogo wa marehemu, nyumba zetu zimepakana. Kaniuliza naenda lini Kikole. Niliyemwambia ni mtu mmoja tu.

Asha alipokuja nilimpasulia hapohapo. Kalia, kakana. Nikamwambia mdomo wake hauna kifuniko. Kaondoka na sufuria iko motoni. Wali umeungua. Nimeula hivyohivyo, kwa hasira.

Ijumaa, 15 Agosti
Asha hapokei simu. Kumfuata siwezi, niko eda. Sijawahi kuuchukia mlango wa nyumba yangu kama leo.

Nilikuwa nakunja nguo, kamera ikanifuata. Nikahamia upande wa pili, ikanifuata tena. Nikampigia Bakari aache utoto.

"Mama, mimi niko kazini. Sijaifungua tangu juzi."

Nikajitanda mtandio, ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Bakari kauliza nani mwingine anatumia waifai yangu.

Shemeji. Aliomba neno la siri ili atazame mpira. Nilimpa kama ninavyompa chumvi. Jirani, tena ndugu, unamnyimaje? Bakari kasema aliyeingia kwenye waifai hiyo anaweza kuifungua hata kamera kwa simu yake, na kusikia kila kitu. Kamera ina neno lake la siri, lakini ni lile ililotoka nalo dukani. Hakulibadilisha. Msomi wangu huyo.

Jumamosi, 16 Agosti
Sitaki kumdhania mtu vibaya mara ya pili. Nimekaa mbele ya kamera, simu iliyozimwa sikioni. Nimesema kwa sauti kwamba mabati ya uani yamepata mteja wa Kilwa Masoko. Hakuna mteja. Hakuna aliyekuwa nami.

Jumapili, 17 Agosti
Kikohozi dirishani, chai hata sijainywa.

"Shemeji, mabati ya kaka usiyauze bila kunishirikisha."

Nikamuuliza kayasikia wapi. Nikasikia tu kandambili zake zikiondoka.

Mwanamume ambaye dini inaniambia nijisitiri mbele yake. Anasimama nje ya dirisha kwa adabu, kumbe ameshaniona kichwa wazi. Ameniona nikilia. Hata Asha amemwona. Namchukia.

Nimepanda kiti nikaichomoa kamera. Bakari kanielekeza kwa simu jinsi ya kubadilisha neno la siri la waifai. Safari hii simpi mtu. Bakari naye nimemwambia habari ya Kikole, kabla hajaisikia kwingine.

Asha nimemtumia ujumbe wa sauti. Nimemweleza yote. Nimemwomba radhi. Hajajibu.

Jumatano, 20 Agosti
Asha kaja. "Shikamoo dada," basi. Nikaitikia marahaba.

Kasimama mlangoni, kaangalia juu ya kabati. Pamebaki alama ya duara kwenye vumbi. Kafunua na pazia, kachungulia nyuma ya redio.

Kisha kafunga mlango, kavua mtandio, kakaa mkekani akanipa mgongo. Leo ni mimi niliyemchana.