Kimo cha Pampu

Likasi, Kikula

Kwa dada yangu mkubwa, yaya wangu mpendwa Eugénie,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na shemeji Albert na watoto wote wa huko Kalemie. Natumaini goti lako limepoa na ziwa bado linawapa samaki. Mimi mwili uko mzima. Nyumba tu ndiyo imekuwa kubwa tangu mke wangu Simone afariki; napika ugali wa bukari wa mtu mmoja, na kila mara unabaki.

Uliniuliza kazi gani imenishika hata Pasaka sikuja. Yaya, tulikuwa tunafunga pampu mpya kiwandani, ya kutoa maji ya asidi yenye shaba kwenye tangi la chini na kuyapandisha kwenye tangi la juu. Pampu ya namna hiyo huinunui kwa kukisia. Unapima kutoka uso wa maji ya chini hadi uso wa maji ya juu, unaongeza nguvu inayopotea kwenye mabomba, kona na valvu, na jumla yake ndiyo kimo ambacho pampu lazima ikishinde.

Injinia wetu kijana, Cédrick, ndiye aliyepima. Siku ya kunieleza tulisimama karibu na mashine za kukoroga, yeye akiwa na barakoa usoni. Alisema amepima kutoka sakafu ya tangi la chini hadi mdomo wa tangi la juu, ili tuwe salama, akaniuliza mimi, mzee wa mashine, kama ni sawa. Nikaitikia kwa kichwa.

Haikuwa sawa. Tangi la chini karibu muda wote limejaa, kwa hiyo kimo cha kweli kilikuwa kidogo kuliko alichoandika. Tukaletewa pampu yenye nguvu kupita kiasi. Tulipoiwasha ikasukuma maji mengi mno, ikataka kuvuta zaidi kuliko bomba lake linavyoweza kuipa, na mapovu yakaanza kupasuka ndani yake. Wanasema ililia kama sufuria iliyojaa changarawe. Wote walikimbia. Mimi nikabaki palepale nikitazama mshale wa kipimo. Fundi wetu Fidélie akarudi kunivuta, akinipigia kelele usoni: “Papa Bertin, weye hausikie? Pompe inalia!” Hapo kizibo cha pampu kikapasuka, asidi ikamrukia yeye begani.

Amepona, Mungu asifiwe, lakini kovu liko. Wakubwa wakataka kumfukuza Cédrick. Mtoto wa watu alilia mbele yangu, akasema mzee, si ulikubali?

Sasa nikuambie ambalo sijamwambia mtu wa ukoo wetu. Yaya, sisikii. Sikio la kushoto lilizima kwanza, la kuume linalifuata. Simu zako naziona zikiwaka mezani, naogopa kuzishika. Siku ile niliona barakoa ya Cédrick ikitikisika tu, nikaona haya kumwomba arudie. Nilikwenda kwa mkubwa wetu, Ruphin, nikamweleza yote. Cédrick amebaki kazini. Mimi wameniondoa kwenye mashine, wamenipa meza na hesabu, peke yangu ofisini. Daktari anasema masikio hayatarudi.

Sikukuu ya Noël nitakuja. Usiniite kutoka nyuma. Kaa mbele yangu useme polepole, hata kama ni kunigombeza. Na mkianza kuimba kanisani, uniache niweke mkono mgongoni mwako, niufuate wimbo.

Wasalimie wote, na shemeji umwambie namkumbuka.

Ni mimi mdogo wako,
Bertin