Bibi, Simu Yako Niliibana Mimi

Bibi yangu,

Shikamoo. Ungekuwepo ungeitikia, "Marahaba, mke mwenzangu," halafu ungeniuliza mume wetu nimempikia nini leo, wakati Babu tulimzika mimi nikiwa darasa la pili. Utani wako huo naukumbuka kila asubuhi. Lakini leo sikuandikii kwa utani. Nina jambo, na ni la aibu.

Hapa Ujiji tuko salama. Chumba chako tumekipaka chokaa. Yule jirani anayeanika dagaa karibu na ukuta wetu bado anaanika, na hakuna wa kumfokea kwa Kiha kama wewe, kwa hiyo sasa amefika hadi dirishani. Mawese uliyoacha kwenye galoni yamekwisha. Rauta, kile kiboksi cha intaneti ulichokuwa unakiita mgeni, bado iko juu ya kabati la vyombo. Kitambaa ulichoifumia ili isipate vumbi nimekikunja, nimekiweka ndani ya sanduku langu. Siwezi kukiangalia.

Unakumbuka nilivyokufanya ukitoe? Ulikuja kulalamika kwamba simu yako inazunguka tu, picha ya Mama Mdogo Zuhura inakatika. Nikakwambia kwa sauti ya fundi, "Bibi, umeifunika rauta kama mwali, itapumuaje?" Ukakitoa mwenyewe, ukaniomba msamaha. Mimi, mjukuu wako! Intaneti haikubadilika. Nikasema basi ni kuta, nyumba hii ya matofali mabichi kuta zake nene. Ukawa unatoka uani na simu mkononi, unaiinua, unaishusha, unasimama jikoni katikati ya moshi. Nikasema basi simu yenyewe imezeeka. Ukacheka, ukasema, "Tumezeeka pamoja."

Bibi, hakikuwa kitambaa. Hazikuwa kuta wala simu. Ni mimi.

Unaijua kazi yangu ya kuhariri video za harusi. Video zile ni nzito, na kuzituma kwa wenyewe huko Dar kunakula intaneti ya nyumba nzima. Sasa, ndani ya rauta kuna mahali pa kuingia kwa neno la siri, ukaona simu zote zilizounganishwa, na unaweza kuibana mojawapo ipate kidogo kidogo ili nyingine zishibe. Niliibana yako. Nilisema nitaifungulia jioni.

Ningependa kukuandikia kwamba nilisahau. Siku za mwanzo kweli nilisahau. Lakini ile Ijumaa nilikumbuka.

Ijumaa ile ulitoka chumbani umevaa kanga mpya, umepaka wanja, ukatangaza kama mtu anayekwenda shughulini: "Leo nampigia Zuhura. Nampa radhi yake, halafu sikukuu ya Idi aje na wanawe." Miaka saba ulikuwa hutaki hata jina lake litajwe, tangu alipotorokea Mpanda kuolewa na mtu usiyemtaka. Mwaka huu ndio ulianza kupokea simu zake, na hata hivyo mlikuwa mnaongelea mvua na samaki wa migebuka tu, lile jambo lenyewe mnalizunguka. Nyumba nzima tulikuwa tunaisubiri siku hiyo. Na mimi nimekaa pale mezani, video ya watu imefika katikati, nikakumbuka kwamba simu yako nimeibana. Ilikuwa kubonyeza mara mbili tu. Nikasema moyoni, ah, maneno hayana uzito, yatapita. Nikakuacha.

Nilikusikia nyuma ya pazia. "Zuhura mwanangu, nimekuwia radhi duniani na akhera. Maziwa yangu uliyonyonya ni halali yako. Njoo nyumbani." Ukatoka unafuta macho, ukasema amekosa la kusema, bila shaka analia. Ulivyokuwa umenawiri siku hiyo, Bibi! Nikafurahi na wewe, mnafiki mimi.

Jumanne presha ikakuchukua.

Mama Mdogo alifika tukiwa tumeshakuzika. Alikaa mkekani, chakula hagusi. Siku ya tatu akanivuta pembeni, akaniambia mimi peke yangu: "Mama amekufa hajaniwia radhi. Nilimwona ameinamisha macho, kimya, kimya, halafu simu ikakatika. Alinikatia." Nikamwapia kwamba ulimpa radhi, nimesikia kwa masikio yangu haya, mtandao ndio uliokwama. Akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, unanifariji tu. Mbona mimi na wewe tukipigiana, wewe ukiwa humu humu ndani, naona hadi chunusi zako?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Unajua nilifanya nini? Nilinyanyuka nikaenda kwenye rauta. Nikaizima, nikahesabu hadi kumi, nikaiwasha. Nikaisogeza dirishani, nikageuza antena, nikapima spidi, nikatikisa kichwa. Mbele yake! Naigiza ufundi msibani, na ubovu wenyewe naujua, nimeutia kwa mkono wangu. Nikamwambia, "Wakati mwingine ndivyo inavyokuwa." Akarudi Mpanda hivyo hivyo.

Baadaye mumewe akanipigia. Akasema mwenzake amekuwa mtu wa kukaa na kutazama ukuta, na mtoto akipata homa kidogo anasema ni laana ya mama yake inafanya kazi. Nikamwitikia pole, pole sana Baba Mdogo. Pole gani ile, Bibi? Nilikata simu nikarudi kwenye harusi za watu, na kwa wiki mbili nikawa najiambia kesho, kesho.

Juzi asubuhi nikashindwa. Nikampigia kwa video, nikamweleza yote, kuanzia kitambaa hadi Ijumaa ile. Nikamgeuzia simu aone kompyuta yangu: jina ulilopewa humo, "Bibi", na alama ya kubanwa ubavuni mwake. Ilikuwa bado ipo. Sikuwa nimekufungulia hata baada ya kufa.

Heri angenitukana. Alisema, "Yaseme maneno yake. Kama alivyoyasema, usiongeze." Nikayasema. Akasema rudia. Nikarudia. Mara ya tatu, nilipofika "Njoo nyumbani," alilisema pamoja na mimi, akaangua kilio ambacho msibani hakukilia. Nilimwacha alie hadi akatulia. Kisha akaniambia, "Mama nimemsikia. Lakini wewe usinipigie kwanza." Nikasema sawa, Mama Mdogo. Ningesema nini kingine?

Simu yako nimeifungulia sasa. Haina wa kumpigia, lakini nimeifungulia.

Mumewe amenitumia ujumbe kwamba Idi wanakuja wote. Nakuahidi nitakwenda stendi kuwapokea, Mama Mdogo aniitikie salamu au asiniitikie, na mizigo yake nitaibeba hadi chumbani kwako, ndipo atakapolala. Na wanawe wakiniuliza bibi yao alikuwa mtu wa namna gani, nitawaeleza, na hili langu pia nitawaeleza watakapokuwa wakubwa. Sitalificha tena.

Pumzika, Bibi yangu. Mungu alipanue kaburi lako na alitie nuru. Zuhura ameipata radhi yake. Ya kwangu mimi sijui nimwombe nani.

Mjukuu wako,
Mwajuma