Maji Hayajaiva

Mama yangu,

Shikamoo. Asalaam aleikum, wewe na wote wanaolala chini ya paa lako. Goti limetulia, au bado linakusumbua? Mimi mzima, ila mikono imechubuka, na sababu yake ndiyo barua hii.

Najua majirani hapo Mbwera umewaambia nipo ofisi ya maji. Hujadanganya, ila maji yenyewe ni ya vyooni. Mji huu mdogo unatuletea kwa bomba na kwa magari. Yanakaa bwawa la kwanza uchafu uzame, yanahamia la pili, kisha la tatu yakipigwa jua, ndipo tunayaachia mtoni. Hapo tunasema yameiva. Wakubwa wanayapima kwenye chupa. Mimi naangalia samaki, wale perege wa bwawa la mwisho. Wakitulia chini, yameiva. Wakija juu kutweta, bado. Shida ni kwamba wenzangu hukivua kipimo changu wakakikaanga.

Juma lililopita mvua ilikataa kukatika. Bwawa la mwisho likajaa pomoni, perege wote juu, midomo wazi. Msimamizi wetu, Bwana Sanga, akataka tufungue lango la kutolea maji mtoni. Tuta la bwawa likipasuka atalaumiwa yeye, alisema. Mto ukichafuka italaumiwa mvua. Nikamweleza kuwa chini ya lango wapo akina mama wanaochota, na kwamba mto huo unaingia Rufiji na kuja mpaka mlangoni kwa mama yangu. Akauliza kama mama yangu ndiye mkurugenzi.

Nikaomba siku chache. Nikawaonyesha wenzangu tunavyoinua matuta ya mpunga huko kwetu bahari inapokaribia kujaa bamvua: udongo wa mfinyanzi, majani, udongo tena, kisha kukanyaga kwa visigino. Wakanipigia makofi kama mcheza ngoma. Bwana Sanga alisimama pembeni na mwavuli.

"Likipasuka, Athumani, barua ya kukufukuza utaiandika mwenyewe."

"Nitaiandika, bosi. Mwandiko wako hausomeki."

Siku ya pili likavuja. Nililala kifudifudi juu ya tundu, wenzangu wakakimbilia viroba vya udongo. Nilipoinua kichwa, Bwana Sanga ameutupa mwavuli, kiroba begani.

Siku ya tano perege wakazama. Tukafungua lango kidogo kidogo, nami nikashuka mtoni. Mama mmoja aliyekuwa akifua akauliza kama yale ndiyo maji yetu. Nikakubali. Akayateka kwa kiganja, akanusa, akachovya kanga nyingine.

Likizo niliyokuahidi naisogeza mpaka masika yaishe. Leo mvua imeanza tena, na ufunguo wa lango Bwana Sanga kaniachia mimi.

Nisalimie shangazi msuka mikeka, na mwalimu wa madrasa. Kaka mwenye boti mpe salamu, kisha mwambie oili chafu ya mashine asiimwage mtoni. Siwezi kulinda huku, yeye anamwaga huko.

Mwanao akupendaye,
Athumani