Mbele ya Bango la Amandine

Dada yangu Riziki,

Huku Malvern theluji imekwisha na sote ni wazima. Jana mwanao Amandine alikuwa kwenye mkutano wa wanasayansi wa bahari, amesimama kando ya bango lake la utafiti wa nyasi za baharini. Milango ilikuwa wazi kwa wote, basi sisi akina mama wa kwaya tukaenda na vitenge vya sare, kama harusini. Tukapanga foleni, kila mmoja na swali lake, naye akatujibu kwa Kiswahili. Wazungu wakaja kutazama kuna nini, wakabaki wanauliza yao.

Usimwambie nimekuambia: mwaka jana alisimama hapo peke yake, ila mwanasayansi mmoja, akidhani ni mhudumu, alimpa kikombe kichafu akakioshe.

Jana, dada, yule yule alimletea chai.

Mdogo wako Donatienne, sauti imekauka kwa vigelegele.