Si Pombe, Baba, ni Zebaki

Keko, Dar es Salaam

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii utaweza kuisoma mwenyewe. Mimi na Shangazi hatujambo, ila sina raha tangu Jumamosi, na sababu ni wewe.

Katika barua yangu iliyopita nilikulaumu kwa ulevi. Mama aliandika kwamba mikono inakutetemeka, unafoka ovyo, na wageni wakija unajificha chumbani. Chini ulitia jina lako, limepinda kama la mtoto wa darasa la kwanza, wewe uliyenifundisha kuandika. Nikasema ni pombe. Nisamehe, Baba.

Jirani yetu, Mzee Saidi, ni sonara. Hupaka vyombo dhahabu iliyochanganywa na zebaki, kisha huchoma zebaki itoke, dhahabu ibaki. Naye alianza kutetemeka vivyo hivyo. Wanawake wakamtania, "Mzee Saidi, chai hiyo unakunywa au unaoga?" Zamani angewajibu, siku hizi huinuka akilia. Jumamosi nilimsindikiza zahanati. Dresa anayetibu pale akamgusa ufizi, ukatoka damu.

"Mdomoni unasikia ladha gani?"

"Kama nimelamba ufunguo."

"Zebaki unaichomea wapi?"

"Ndani. Nje upepo unanisumbulia moto."

"Basi mvuke wake ndio unaokula mwili wako, na akili pia."

"Lo! Na mke wangu amenisomea visomo vitatu akidhani nina jini!"

Wao walicheka. Mimi nilikufikiria wewe. Baba, nawe dhahabu ya machimboni huikamata kwa zebaki, kisha unaichomea jikoni, katika kikaango cha Mama, na mdogo wangu Neema hukaa pale pale akiota moto. Nilimwuliza dresa kama mtu aliyekwishaanza kutetemeka hupona. Akasema akiiacha mapema, wengi hupata nafuu. Hakusema wote.

Nakuomba uiache leo. Kikaango kile kisipikiwe tena. Nenda hospitali pamoja na Neema, nawe utaje zebaki, wasije wakakutibu homa.

Nisalimie Mama, umwambie hakuna chupa uliyomficha. Nisalimie na Bibi, mama yako, ambaye peke yake alisema hujawahi kuonja.

Jibu asiandike Mama. Andika wewe, Baba, hata mstari mmoja. Barua zako zote nimezitunza katika daftari, nami nitaulinganisha mwandiko.

Mwanao anayekuombea,
Agnesi