Nilimjibia Mkwe Wangu Hospitalini

Shangazi mpendwa, naomba unisaidie kabla ya Jumapili, maana Jumapili ndiyo watu wa ukoo wanakuja na karatasi ya malalamiko na mimi natakiwa niweke sahihi.

Katika ukoo wetu mke ambaye hajazaa hajibu maswali ya mgeni, mama mkwe ndiye anayemjibia, nami nilijibiwa hivyo hivyo enzi zangu nikaona ndiyo heshima, kwa hiyo mke wa mwanangu aliposhikwa na uchungu nikaenda naye hospitali, siku ya pili mtoto bado, daktari akasema afadhali afanyiwe upasuaji, muuguzi mmoja mfupi mwenye kalamu sikioni akamwinamia, "Mama, wewe unasemaje?" mimi nikadakia, "Hataki kisu, kwetu tunazaa wenyewe," akauliza tena, nikajibu tena, basi yule binti akanigeukia, "Bibi, wewe sijakuuliza, hebu kaa nje kidogo," akanifungia mlango, mimi, mtu mzima na mvi zangu!

Nikakaa kwenye benchi nimenuna, kumbe mle ndani mkwe wangu alisema neno moja tu, "Nipasueni," wakampeleka saa ile ile, na leo nina mjukuu wa kike anayelia mpaka majirani wanabisha hodi, na mama yake mzima, na kila nikimwogesha namshukuru Mungu na namshukuru yule muuguzi, maana Shangazi, mama mkwe aliponijibia mimi, kwa mtoto wangu wa kwanza, nilirudi nyumbani mikono mitupu, na hilo hata wanangu sijawaambia.

Sasa shemeji yangu, mwalimu mstaafu, ameandika malalamiko kurasa tatu, kwamba muuguzi ametuvunjia heshima, kwamba hizo haki za mgonjwa ni za watu wengine, sisi tuna mila zetu, afukuzwe kazi, na shahidi ni mimi. Nikikataa nitaambiwa nimeusaliti ukoo. Nikikubali nitamtazamaje huyu mtoto? Nifanyeje?

Bibi wa Benchi

*

Bibi wa Benchi, hongera kwa mjukuu. Na pole kwa yule uliyemlilia kimya miaka yote hii, pole ya kweli. Sasa niache nikugombeze.

Hiyo karatasi usiiguse! Mtu amekuokolea wawili, nawe umnyang'anye kazi? Asante ya punda ni mateke, lakini wewe si punda.

Shemeji mwambie hata mimi nina mila zangu na nazipenda. Lakini kisu kilikuwa kinaelekea tumbo la nani, la mwalimu? Kuulizwa juu ya mwili wako si haki ya ukoo huu wala ule. Uchungu unauma kila mahali. Na wanaosema haki ni za watu wengine, aghalabu si wao waliolala kitandani. Wewe ulilala. Siku ile angetokea mwenye kalamu sikioni akakuuliza, ungesema nini? Mila ya kumjibia mke ambaye hajazaa nadhani iliwekwa ili asisumbuliwe. Ikifika mahali inamuua, haimlindi tena.

Kwa hiyo Jumapili, mbele ya wote, sema: "Nilikuwepo, na muuguzi alifanya sawa." Halafu wasimulie habari ya mtoto wako wa kwanza. Watanuna, na wanune. Jumatatu mbebe mjukuu mkamshukuru yule binti, na umwombe radhi.

Ila nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta kitu, sikukiona. Mkwe wako anasemaje? Aliyezaa ni yeye, aliyepasuliwa ni yeye, na malalamiko yameandikwa kwa ajili yake. Hata hivyo umeniandikia mimi, mtu usiyenijua, kabla ya kumuuliza yeye aliye chumba cha pili ananyonyesha.

Weka gazeti hili chini, Bibi. Nenda kamuulize. Ukishauliza, nyamaza.